Sasisho la Kumi na Nne huko Telezani

Namna Mwalimu Sikudhani Shemhilu alivyofika Telezani isitupotezee muda. Alifunga shule Lushoto, akasafiri, akafika. Anayebisha naye aende akaone. Ninachotaka mjue ni kwamba alikuwa mwalimu wa Hisabati wa darasa la sita, mwanamke mwenye sauti ya kufika mwisho wa uwanja bila kipaza sauti, na asiyekuwa na subira hata chembe na upuuzi. Mkobani alikuwa na kishikwambi chake cha kazini, kinene, chenye jalada la raba na mikwaruzo ya vidole vya watoto.

Kishikwambi hicho ndicho kilichozua balaa mpakani.

"Toba!" alisema afisa wa mpaka, akikishika kwa ncha za vidole. "Kina tundu!"

"Tundu la kuchomeka waya wa kusikilizia," Mwalimu alimjibu. "Kwani ninyi mnasikilizia wapi?"

Afisa akaita wenzake. Walikuja kundi zima, wakakizunguka na kukigeuzageuza. Mmoja alijifunika uso, mwingine akachungulia ndani ya tundu kwa jicho moja, na mtu mzima mwenye mvi akatokwa na machozi, akasema marehemu nyanya yake alikuwa nalo kama hilo. Baada ya kunong'ona sana walimruhusu Mwalimu apite, ila walimbandika kifuani karatasi iliyoandikwa MGENI. Huko Telezani mtu akiwa katika Hali ya Mgeni, chochote atakachosema au kutenda hakiwekwi kumbukumbu, na ikifika asubuhi raia wote wanatakiwa na sheria wawe wamemsahau.

Telezani inatawaliwa kwa sheria mbili, na nyingine zote zimezaliwa humo. Ya kwanza ni Sheria ya Wembamba: kila kitu cha mwaka huu lazima kiwe chembamba kuliko cha mwaka jana. Ilianza na vishikwambi, ambavyo kila raia hutembea navyo kifuani. Halafu, kwa kuwa viongozi hawakuona kwa nini jambo zuri namna hiyo liishie kwenye vishikwambi, ikahamia kwenye magodoro, kuta, sabuni na chapati. Asubuhi ya kwanza Mwalimu aliandaliwa chapati, akaiinua, akamwona mwenyeji wake kwa upande wa pili akitabasamu. Hotuba peke yake ndizo zilizoachwa na unene wake.

Sheria ya pili ni ya Upya. Kila mwaka Serikali huteremsha Sasisho, yaani mfumo mpya wa kuendesha vishikwambi vyote, na siku hiyo kila raia hupanda namba moja. Ndiyo sababu mwenyeji wa Mwalimu, mama mnene wa mwili na mwepesi wa ulimi, aliyefanya kazi ya kutembeza wageni, aliitwa Bi Nuzulati wa Kumi na Tatu, na mumewe, fundi saa mstaafu, akaitwa Bwana Mwinjuma wa Kumi na Tatu. Ndoa haishiki mpaka namba ziwe sawa. Hao wawili walikuwa wamepanda pamoja tangu namba ya kwanza.

"Karibu, mgeni. Jina lako nani?" Bi Nuzulati alimwuliza kila asubuhi, kama sheria inavyotaka, huku akimmiminia chai yenye tangawizi nyingi vilevile alivyoipenda jana yake.

Akamtembeza mjini. Walianzia Idara ya Kuziba Matundu, yenye wafanyakazi wengi kupita idara zote. Walikuwa wamekwisha kuziba tundu la kadi, la waya wa masikio na la kutolea betri. Lilibaki moja tu, la chaji, na mkurugenzi alikuwa hapati usingizi kwa ajili yake. Nje ya Idara, kwenye ukuta wake huohuo, walikaa wake wa wakurugenzi wakiuza viunganishi, ambavyo ni vipande vidogo vyenye yale matundu yote yaliyozibwa kule ndani ya Idara. Tangu tundu la masikio liondoke, raia husikiliza kwa vidude viwili visivyo na waya, vinavyoingia sikioni kwa kubembelezwa na kutoka kwa hiari yao. Kwa hiyo kila Jumamosi ni mapumziko ya taifa, na nchi nzima huinama kutafuta sikio la kushoto. Mwalimu aliikuta Jumamosi moja, na akakiri kwamba hajawahi kuona wananchi wenye mshikamano vile.

Kutoka hapo walikwenda Jumba la Waliotangulia, ambamo vishikwambi vya kale vimepangwa juu ya mito ya hariri. Bi Nuzulati akabadilisha sauti, akavaa ile ya kikazi.

"Hiki ndicho cha kwanza. Kilibebwa na watu wawili, wa tatu akaandika kwa kalamu iliyofungwa kamba. Kisha yakaja Mapinduzi ya Kidole. Kalamu zikachomwa moto uwanjani, na aliyekutwa na kalamu alioshwa mikono mbele ya watu."

"Na hii iliyo kwenye sanduku la dhahabu?"

"Hiyo ni kalamu. Iligunduliwa mwaka wa Sasisho la Tisa. Waziri alilia siku ya kuizindua."

"Mama, si umesema kalamu zilikuwepo?"

"Zile zilikuwa za zamani. Hii ni uvumbuzi."

"Tofauti yake nini?"

"Hii inachajiwa," alisema Bi Nuzulati, na kwa mara ya kwanza mdomo ukamcheza kidogo. Mwalimu akamkonyeza. Tangu hapo wakawa mashoga, jambo ambalo sheria iliwataka walisahau kesho yake.

Bungeni napo walikwenda, wakakaa roshani ya wageni. Siku hiyo waheshimiwa walikuwa wanajadili iwapo picha ndogo ya pipa la taka, ile ya kwenye kioo, iwe bapa au ivimbe na kuwa na kivuli. Wabapa walisema kivuli ni uongo, kwa kuwa kwenye kioo hakuna jua. Wavimbe wakajibu kwamba hata pipa lenyewe halipo, mbona hilo hawalilalamikii? Mheshimiwa mmoja alivua kiatu. Mjadala huo huibuka kila baada ya miaka michache, na kila upande ukishinda hubomoa mapipa yote ya mwenzake.

Kisha akasimama Waziri wa Mfumo, Mheshimiwa Songoro, mtu mrefu mwembamba ambaye mwaka jana, nasikia, alikuwa mnene kidogo. Bunge likatulia. Hapa lazima nieleze kwamba katiba ya Telezani inatamka wazi kuwa kishikwambi si kompyuta. Kompyuta ni aibu ya majirani, zigo lenye kibodi na bawaba, na jina lake halitajwi mbele ya watoto.

"Waheshimiwa," alisema Waziri, sauti ikitetemeka, "kishikwambi cha mwaka huu kinakuja na ubao wa herufi." Makofi. "Kinakuja na mguu wa kukisimamisha." Makofi, vigelegele. "Kinakuja na kiwanja kidogo cha kusukumia mshale. Na vyote hivi vimeunganishwa kwa..." Akakifunga, akakifungua, akakifunga tena taratibu. "...kwa bawaba!"

Bunge zima likasimama. Watu walikumbatiana. Wabapa waliwabusu Wavimbe.

"Sasa si kompyuta mpakato hiyo?" aliuliza Mwalimu Sikudhani kutoka roshani.

Alidhani amenong'ona. Lakini nimekwisha kuwaambia kuhusu sauti yake. Kukumbatiana kukakoma, mheshimiwa mmoja wa mstari wa mbele akazimia kwa utaratibu, na Waziri akabaki ameshika bawaba yake. Kisha mtu akaiona ile karatasi ya MGENI kifuani. Waziri akashusha pumzi.

"Neno limetamkwa na mtu aliye katika Hali ya Mgeni," alitangaza. "Kwa hiyo halijatamkwa."

Wakaendelea kukumbatiana pale walipoishia. Bi Nuzulati alitoka nje ameziba mdomo kwa kanga, akacheka mpaka akaegemea ukuta, ukuta nao ukapinda, maana ulikuwa wa mwaka huo.

Hicho kilikuwa kicheko chake cha mwisho kwa juma hilo. Walipofika nyumbani walimkuta Bwana Mwinjuma mezani, kishikwambi chake kimelala mbele yake. Kilikuwa kizito, kimepasuka pembeni, lakini kilifanya kazi zote alizokituma. Mchana huo kilikuwa kimepimwa kwa ajili ya Sasisho la Kumi na Nne. Juu ya kioo yaliandikwa maneno matatu: KIFAA HIKI HAKISTAHILI.

"Si abadilishe achukue kingine?" Mwalimu aliuliza.

"Kipya hupewa mtu mwenye namba kumi na nne," alisema Bwana Mwinjuma kwa upole.

"Na namba kumi na nne?"

"Hupewa mtu mwenye kipya." Akainua mabega. "Nimelitafakari sana hilo, Mwalimu. Halina tundu hata moja. Nadhani waliliziba."

Alitaka kuwachekesha. Bi Nuzulati hakucheka. Nchi ikishapanda namba, yule ambaye imempita huitwa Aliyesimama, ndoa yake hufutika, na gari la Serikali humpeleka Droo. Droo ni bonde lenye giza nyuma ya mji. Huko watu hukaa katikati ya nyaya zilizosokotana na chaja ambazo hakuna ajuaye zilikuwa za kitu gani. Hawateswi. Wanahifadhiwa tu, ili siku wakihitajika wapatikane. Hakuna aliyewahi kuhitajika.

"Sikudhani," alisema Bi Nuzulati. Alikuwa amemwita kwa jina. Hakujali sheria, wala hakuangalia mlango. "Sikudhani, shoga yangu, mwanamume huyu ananikuna mgongo tangu namba ya kwanza. Anajua mahali penyewe. Nitamweleza nani mwingine, na nianzie wapi?"

Mwalimu alisimama, akakaa tena. Alikuwa na hasira za kumpiga mtu kofi na hakumwona wa kumpiga.

Siku ya Sasisho ikafika na jua kali. Watu wote walikusanyika uwanjani mbele ya Kioo cha Taifa, kikubwa kama ukuta wa ghala, na pembeni lilisubiri gari la Droo, nyaya zikining'inia mlangoni. Bwana Mwinjuma alivaa shati safi lililofungwa vifungo mpaka shingoni, akawa anawasalimia majirani mmojammoja na kuwatakia namba njema. Alikuwa anawatia moyo yeye. Mkewe alimshika mkono.

Waziri Songoro alipanda jukwaani akasoma Masharti. Desturi ya Telezani ni kwamba Masharti husomwa kwa macho yaliyofumbwa, kwa kasi ya mtu anayekimbizwa na nyuki, na wananchi huitikia "Tunakubali!" kabla hayajafika nusu. Kuyasoma mwenyewe ni utovu wa adabu, sawa na kufunua sufuria ya mwenyeji ili uhesabu vipande vya nyama. Hakuna Mtelezani aliyewahi kuyasoma, na nachelea kusema hata walioyaandika hawakuyasoma.

"Tunakubali!" watu waliitikia.

Hapo Kioo cha Taifa kikaonyesha duara jeupe linalozunguka. Duara likianza, hakuna anayeruhusiwa kuondoka mpaka kila raia anayestahili ajibu. Na juu ya kila kishikwambi, isipokuwa kile cha Bwana Mwinjuma, kikatokea kitufe kikubwa cha kijani: KUBALI. Vidole vikainuka uwanja mzima.

Mwalimu Sikudhani alikuwa amesimama ubavuni kwa Bi Nuzulati. Sasa, mwalimu aliyesahihisha mitihani miaka mingi ana ugonjwa mmoja: hawezi kuacha ukurasa bila kufika chini kabisa, maana ndiko wanafunzi wanakoficha maajabu yao. Macho yake yakashuka yenyewe.

"Bi Nuzulati. Hiki cha kijivu hapa chini ni nini?"

"Hicho pambo."

"Pambo lenye maneno?"

"Yana maneno?" Bi Nuzulati alikisogeza karibu, akaangaza huku na huku. "Unataka nisome? Hapa? Mbele za watu?"

"Soma, mama."

Akasoma. Midomo ilimcheza, mashavu yakamwiva kwa aibu, kidole kikafuata herufi moja baada ya nyingine. Yalikuwa maneno mawili: NIKUMBUSHE BAADAYE. Akayarudia. Akamtazama Bwana Mwinjuma na shati lake la vifungo, aliyekuwa wakati huo anampangusa mtoto wa jirani makamasi. Kisha akabonyeza.

Mbingu haikuanguka. Duara lilisitasita, likakohoa, likaendelea kuzunguka. Kwenye Kioo cha Taifa yakatokea maandishi ambayo hakuna aliyewahi kuyaona: RAIA MMOJA: BAADAYE.

"Nani huyo?" alifoka Waziri.

"Mimi," alisema Bi Nuzulati.

"Huwezi kufanya hivyo!"

"Imeandikwa."

"Imeandikwa na nani?"

"Na ninyi, Mheshimiwa."

Mwanasheria wa Serikali aliitwa, akaufungua Mfumo kwenye kishikwambi chake, akateleza chini, chini, chini zaidi, jasho likimtoka. "Mheshimiwa Waziri," alisema hatimaye, "kitufe ni halali. Mama huyu hajakubali. Lakini pia hajakataa, kwa hiyo hana kosa. Ameomba akumbushwe."

"Basi mkumbushe!"

Mwanasheria akakohoa. "Bi Nuzulati wa Kumi na Tatu, unakumbushwa."

"Ahsante, mwanangu. Baadaye."

Kuna mtu alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani, mahali fulani upande wa nyuma. Kisha bibi mmoja, ambaye tangu Sasisho la Tisa alikuwa anaitafuta redio yake ndani ya kishikwambi na kila mwaka wanaihamisha, akateremsha kidole chake hadi kwenye rangi ya kijivu. RAIA WAWILI: BAADAYE. Kijana aliyekuwa ndiyo kwanza amejifunza namna ya kuzima kishikwambi, kwa vidole vitatu na kupuliza, akasema hayuko tayari kujifunza tena, akabonyeza. Halafu ikawa kama bisi sufuriani. Huku mmoja, kule watatu, kisha mtaa mzima, Baadaye, Baadaye, watu wanashikana mikono, wanacheka, wanasomeana kwa sauti bila haya, wazee wanaomba wasomewe mara mbili kwa utamu wake. Wabapa walibonyeza. Wavimbe walibonyeza. Wake wa wakurugenzi walibonyeza, kisha wakaanza kuwauzia waume zao viunganishi kwa mazoea tu.

Akabaki Waziri. Kioo cha Taifa kikaandika kwamba anasubiriwa raia mmoja.

"Mheshimiwa," Mwalimu alimwuliza, safari hii kwa sauti yake yote, "kitufe cha kuzimia wamekihamishia wapi kwenye namba kumi na nne?"

Waziri alikitazama kishikwambi chake. Alionekana amechoka, na kwa mara ya kwanza Mwalimu akamwonea huruma.

"Sijui," alisema. "Tangu namba ya saba sijaweza kukizima. Usiku nakifunika kwa mto."

Kidole chake kikashuka chini kabisa. Kelele iliyolipuka hapo ilizipinda kuta za mtaa mzima. Duara likapotea. Nchi ilikuwa bado katika namba ya kumi na tatu, na kwa kuwa haikwenda popote, hapakuwa na mtu iliyempita. Dereva wa gari la Droo alisubiri kidogo, akauliza kama kuna anayeelekea upande ule, kisha akapakia watoto akawazungusha uwanjani mpaka mafuta yakaisha. Kuhusu wale waliokuwa wamekwisha kupelekwa Droo miaka ya nyuma, Mwalimu aliuliza, na akaambiwa Bunge limeunda kamati. Kamati hiyo bado haijaafikiana kama mlango wa Droo uvutwe au usukumwe.

Bwana Mwinjuma alisimama pale katikati ya shangwe, mikono imening'inia. Bi Nuzulati akamfungua kifungo cha shingoni.

"Pumua," alimwambia, na wote wawili wakalia hadharani, kwa furaha.

Tangu siku hiyo Serikali imeajiri Mkumbushaji, kwa kuwa sheria ni sheria. Kila asubuhi huanza na nyumba ya Bi Nuzulati, hodi tatu za heshima, na Mwalimu Sikudhani alimshuhudia asubuhi ya kuondoka kwake, akiwa amekaa jikoni na mkoba wake.

"Bi Nuzulati, unakumbushwa Sasisho la Kumi na Nne. Je, sasa?"

"Baadaye, mwanangu. Chai ipo." Naye akaingia akanywa, maana alikuwa na nyumba nyingi za kupita na zote zilikuwa na jibu hilohilo.

Bi Nuzulati alikaa kigodani, akajinyoosha, akauinamisha mgongo. "Mume wangu," aliita, "njoo unikune."

Bwana Mwinjuma alikuwa dirishani anafuta kishikwambi chake kilichopasuka. Alimtazama Mkumbushaji, akamtazama Mwalimu, akaachia tabasamu la ukorofi.

"Baadaye," alijibu.

"Baadaye ni ya Serikali," alisema Bi Nuzulati. "Wewe njoo sasa hivi."